Herufi Tatu kwenye Ukuta wa Bibi Apolonia

Jumapili, Juni. Kizwite.

Upepo haujatulia tangu alfajiri. Ni huu upepo wetu wa Juni, unaotoka upande wa mashamba na vumbi la mabua, na bati la jikoni limelegea, linagonga, linanyamaza, linagonga tena. Sikwenda misa. Nimevaa sweta mbili, nimekaa kitandani na chai iliyokwisha kupoa, nimefungua ukurasa huu ambao sijaugusa kwa karibu mwezi mzima.

Wengi mnaopita hapa huwa mnatafuta notisi za Kiingereza. Leo hakuna notisi. Leo naandika kwa sababu kuna jambo nimelifanya, nimeshindwa kumwambia padri, nimeshindwa kumwambia mkuu wangu wa shule, na dada yangu wa Mpui nilipompigia simu tuliishia kuongelea bei ya mbolea.

Majina nimeyabadilisha. Yaliyotokea sikuyabadilisha.

Nilifundisha neno moja vibaya. Neno lenyewe lina herufi tatu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya kata, hapa pembeni ya mji, mahali nyumba zinapoisha na mashamba ya mahindi na ulezi yanapoanza. Nina udhaifu mmoja, na wanafunzi wangu wanaujua: napenda kujua neno limetoka wapi. Marehemu baba, naye alikuwa mwalimu, aliniachia kamusi nene ya asili ya maneno ya Kiingereza. Jalada lilishatoka zamani. Nikiifungua, maharage yanaungua jikoni sina habari.

Jumanne ya wiki tatu zilizopita nilikuwa kidato cha pili. Somo lilikuwa mazungumzo ya mgonjwa na daktari. Niliandika ubaoni "I am ill", nikaeleza: mimi ni mgonjwa, naumwa. Jambo la kila mwaka. Ndipo Veronika akanyoosha mkono.

Veronika anakaa dirishani, ni msichana mkimya, daftari lake ni safi kuliko yote darasani. Si mtu wa kuuliza maswali. Alisimama akasema kwamba muhula uliopita tulisoma hadithi ya mtoto ambaye alikuwa "ill-treated", na mimi niliwaambia maana yake ni kutendewa uovu. Sasa alitaka kujua kwa nini Waingereza wanatumia neno moja kwa ugonjwa na kwa uovu.

Miaka kumi na moja nafundisha, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nilifurahi mno. Nikamwambia anipe mpaka Alhamisi.

Sikujua kwamba mama yake alikuwa kitandani kwa mwezi wa nne mfululizo. Ningejua, ningemwuliza kwanza kwa nini anataka kujua.

Jioni ile nikafungua kamusi ya baba. Neno lile halikuwa la Waingereza tangu mwanzo. Waliletewa na watu wa kaskazini waliovuka bahari, wakavamia, kisha wakakaa. Kwa watu hao lilikuwa na maana ya kitu kiovu, kibaya, kigumu. Waingereza walikwisha kuwa na neno lao la ugonjwa, "sick", wala hawakuhitaji jingine. Wakalipokea, na kwa mamia ya miaka wakalitumia kwa uovu tu: mtu mwovu, tendo ovu, nia mbaya. Baadaye sana ndipo likaingia kwenye mwili wa binadamu, likawa ugonjwa. Na ukitaka kujua hao watu wa kaskazini nao walilitoa wapi, kamusi inasema asili yake haijulikani.

Nilisoma mstari huo wa mwisho mara mbili.

Palikuwa na mstari mwingine. Ulisema kwamba huenda neno liliingia kwenye ugonjwa kupitia msemo wa kawaida wa watu wale wa kaskazini, kitu kama "kwangu ni vibaya", vile ambavyo sisi tunasema najisikia vibaya. Basi. Hapakuwa na mtu mwovu ndani yake. Mtu amelala, kaulizwa hali, kajibu ni mbaya.

Mstari huo sikuwafundisha. Hadithi ilikuwa tamu zaidi bila huo.

Alhamisi niliingia darasani kama mtu anayekwenda kusimulia, si kufundisha. Niliwapa yote kwa Kiswahili ili yaingie. Niliwaambia wavamizi walivyoleta neno, neno likakaa, likasubiri, kisha likaingia mwilini. Nikaona wamenyamaza. Darasa la watoto hamsini na sita, nje upepo, ndani hakuna anayekohoa. Ule ukimya ukanilevya. Nikaendelea na kitu ambacho hakikuwa kwenye kamusi yoyote.

Niliwaambia waangalie na Kiswahili chetu. Mbwa akikuuma, unasema umeumwa na mbwa. Nyoka akikuuma, umeumwa na nyoka. Sasa mtu akiwa kitandani anasema naumwa. Anaumwa na nani? Nikaacha kidogo. Nikasema: anayeuma hatajwi.

Nilitaka wacheke. Hawakucheka.

Kengele ilipogonga walitoka polepole, nami nikatembea mpaka ofisini nikijiona mwalimu bora wa wilaya nzima. Ijumaa nilisahihisha madaftari. La Veronika nililipa tiki kubwa nyekundu, nikaandika "Vizuri sana", nikatia saini.

Jumatano iliyofuata, wakati wa chai, niliambiwa kuna mgeni wangu nje. Alikuwa baba yake Veronika. Mtu mwembamba, koti la kijivu, kofia ameishika mkononi tangu getini. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Alinisalimia kwa heshima ambayo sikustahili, maana ananizidi umri, kisha akatoa kwenye mfuko wa plastiki daftari la binti yake, akalifungua mahali alipokuwa ameweka unyasi.

Mwandiko wa Veronika, mzuri kama kawaida. "Ill: zamani maana yake ni uovu. Asili haijulikani. Naumwa: kuna anayeuma. Hatajwi." Na chini yake tiki yangu, na saini yangu.

Alinieleza taratibu, kama mtu aliyepanga maneno njiani. Mkewe hatoki ndani mwezi wa nne sasa. Ni miguu. Jua likianza kushuka anasema kuna kitu kinamtafuna nyayo, asubuhi hazisikii kabisa. Wamekwenda duka la dawa, wamekwenda kwenye maombi, wamenunua vidonge vya maumivu hadi muuzaji amewachoka. Jirani yao, Bibi Apolonia, mjane aliyeolewa hapa kutoka Mtowisa huko bondeni, ndiye anayekuja kila jioni kumkanda miguu kwa maji ya moto na mafuta. Akasema hakuwahi kumfikiria vibaya bibi huyo, hata siku moja. Mpaka binti yake alipomsomea daftari hili.

"Mimi sikusoma, Mwalimu," akasema. "Naomba uniandikie haya kwenye karatasi, upige na muhuri wa shule. Jumapili baada ya misa tuna kikao cha ukoo."

Nilimweleza kwamba ile ni historia tu ya neno, haihusu mtu yeyote, haihusu mkewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ni kweli au si kweli kwamba imeandikwa kitabuni kwamba neno hilo lilikuwa uovu kabla ya kuwa ugonjwa. Nikasema ni kweli, lakini. Naye akaitika kwa kichwa kwenye ile kweli, yaliyokuja baada ya lakini hayakumfikia. Alifunga daftari, akanishukuru, akasema nisijisumbue na muhuri, hata hii tiki inatosha.

Akavaa kofia, akaondoka.

Nami nikaingia kipindi cha tatu nikafundisha vivumishi.

Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Sikumfuata. Sikumwambia mkuu wa shule. Nilijiambia watu wazima hawawezi kumfanyia mtu kitu kwa sababu ya daftari la mtoto. Alhamisi Veronika hakuja shule. Ijumaa hakuja.

Niseme na hili. Mimi ni wa hapa, nimezaliwa Ufipa. Chuoni, kule mbali, wenzangu wakisikia natoka Sumbawanga walikuwa wanaruka kando, wanacheka, wananiuliza kama nimekuja na ungo. Nilikuwa nawaeleza jina la mji wetu linasema nini: tupa uchawi, uache huko ulikotoka ndipo uingie. Nilikuwa naeleza kwa hasira. Nimeishi maisha yangu yote nikithibitisha kwamba mimi si mtu wa mambo hayo.

Jumamosi mchana nikaenda.

Ni nyumba mbili za mwisho kabla ya mashamba, na kati yake pana uwanja mmoja. Nilipofika nilisimama kabla sijajua kwa nini. Uwanja ulikuwa umefagiwa upande mmoja tu. Kutoka nyumba ya kina Veronika udongo ulikuwa msafi, una mistari ya fagio, mpaka katikati. Hapo fagio lilikoma, mstari umenyooka kama umepigwa kwa rula, na kuanzia hapo kwenda nyumba ya pili ni majani makavu na maganda ya mahindi yaliyoletwa na upepo. Hapakuwa na alama ya mguu hata mmoja.

Nyumba ya pili ni ndogo, imepakwa udongo mweupe. Kando ya mlango, kwa mkaa, kwa herufi kubwa za urefu wa mkono wangu, palikuwa pameandikwa ILL.

Kwa mbali ni kama vijiti vitatu, viwili vina nyayo.

Mlango ulifunguliwa kabla sijabisha. Bibi Apolonia ni mfupi, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni. Nilimwamkia, na marahaba yake ilichelewa, ikatoka na mikwaruzo, kama sauti iliyokaa siku nyingi bila kutumika. Akasema mimi ni mtu wa kwanza kumwamkia tangu Jumatano. Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa ananipa taarifa. Kisha akatoka nje, akasimama nami mbele ya ukuta wake.

"Wewe umesoma, mwanangu," akasema. "Wameandika nini hapo? Nilidhani ni watu wa barabara wanataka kubomoa."

Nikasema, "Wameandika mgonjwa, Bibi."

Aligeuka, akaelekeza kidole ng'ambo ya uwanja.

"Basi wamekosea nyumba," akasema. "Mgonjwa yuko pale."

Nikavuka uwanja. Baba Veronika alinikaribisha vizuri, kana kwamba alikuwa ananisubiri. Mkewe alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni, mama wa umri wangu tu, mwili umepukutika. Pembeni yake palikuwa na dumu la maji la lita tano, na wakati wote niliokaa pale alikuwa anakunywa. Nikaomba kuona miguu. Kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kulia palikuwa na kidonda, kingo zake nyeusi. Nikamwuliza kama kinauma. Akauliza kidonda gani.

Hakuwa anajua kwamba anacho.

Ndipo mumewe akanishika mkono kwa upole, akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha kitu. Walimjengea mkewe kibanda cha mabua cha kuogea, karibu, ili asitembee mbali. Ndani yake, mahali anapojisaidia haja ndogo, udongo ulikuwa unatembea. Nilidhani ni macho yangu. Walikuwa sisimizi, wengi kiasi ambacho sijawahi kuona, wameufunika udongo wote, na kutoka pale palikuwa na mstari mmoja mweusi unaopita chini ya mabua, unakata uwanja, unaishia kwenye ukuta mweupe wa Bibi Apolonia.

Akasema wanawamwagia majivu kila siku, kesho yake wamerudi. Wanamfuata mama Veronika tu. Mahali anapojisaidia mtu mwingine hawaji. "Na unaona wanakotoka," akamalizia.

Niliona. Nilisimama pale, na kwa muda ambao siwezi kuupima nilimwamini.

Kisha nikamkumbuka baba. Choo chetu cha Mpui, mwaka mmoja kabla hajakatwa mguu. Mama akilalamika kila asubuhi kuhusu sisimizi, akidhani watoto wamemwaga chai. Hatukujua. Tulikuja kuambiwa hospitali, mambo yakiwa yamekwisha kuharibika, kwamba sukari ilikuwa inatoka naye kwenye mkojo.

Nikamwambia baba Veronika kwamba mkewe anakwenda hospitali leo, sasa hivi. Akasita, akasema kesho kuna kikao, ndugu zake wameshaanza safari. Nikamwambia, "Kikao kitasubiri. Kile kidole hakisubiri." Sijui alisikia nini kwenye sauti yangu. Aliita bajaji.

Hospitali, muuguzi alimtoboa kidole akaweka tone la damu kwenye kile kimashine cha kupima sukari. Hakikutoa namba. Kilitoa herufi mbili za Kiingereza tu, maana yake sukari imepanda hadi kipimo hakiwezi kuihesabu. Baba Veronika alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaziangalia zile herufi, halafu akaniangalia mimi, akauliza wameandika nini safari hii.

Walimlaza. Jumatatu wakakata kidole. Daktari alisema wiki moja zaidi, ungekuwa mguu. Sasa anaendelea vizuri, anafundishwa kujichoma sindano mwenyewe, na jioni jua likianza kushuka anaulizia kwa nini Bibi Apolonia haji kumkanda.

Kikao hakikufanyika. Wale ndugu walikuja hospitali badala yake, wakasimama kuzunguka kitanda, wakaondoka. Kwenye korido baba Veronika alinishukuru. Alikuwa ameshaelezwa kisukari ni nini, alikuwa ameelewa. Alikuwa na swali moja.

"Na hiyo sukari, Mwalimu, nani kaileta?"

Nikarudia maneno ya daktari. Akaitika kwa kichwa. Nilimwona usoni kwamba daktari na mimi tumemweleza kila kitu isipokuwa alichouliza.

Jumanne nilikwenda na ndoo na dodoki kuosha ukuta. Veronika alikuwa nyumbani, akaja kunisaidia bila kuitwa. Mlango wa Bibi Apolonia ulikuwa umefungwa kwa waya kwa nje. Mama anayeuza maandazi njia panda alituambia alimwona Jumatatu asubuhi mapema, ana furushi kichwani, anaelekea kwenye magari ya bondeni. Karai lake la kukandia alikuwa ameliacha mlangoni, limefunikwa.

Tulisugua. Mkaa haukutoka. Ulikuwa unatanuka, ukuta ukawa wa kijivu, na herufi badala ya kufutika zikawa zinanenepa. Mwisho tukachota udongo mweupe tukapaka juu yake, mara moja, ukakauka zikaonekana tena kwa ndani, tukapaka mara ya pili.

"Ni mimi, Madam," Veronika akasema. Alikuwa bado anapaka, hakugeuka. "Nilitaka ajue kwamba nimemjua."

Nikamsogezea udongo mwingine. Alikuwa ameandika bila kosa hata moja.

Alhamisi niliwarudia kidato cha pili. Niliwapa ule mstari niliowaficha. Niliwaambia kwamba neno lile kwenye ugonjwa halina mtu ndani yake, ni mtu tu kaulizwa hali akajibu ni mbaya. Nikawaambia na kuumwa vilevile, ni namna tu ya lugha kusema mwili una maumivu, na kwamba mimi mwalimu wao niliongeza chumvi kwa sababu nilipenda walivyonyamaza. Nilitegemea swali. Mmoja wa nyuma aliuliza kama hiyo itatoka kwenye mtihani. Nikasema hapana. Wakafunga madaftari.

Hakuna aliyeandika.

Jana nilishuka Mtowisa na Veronika. Baba yake alitupa mfuko wa unga wa ulezi tumpelekee bibi. Mwenyewe alisema ana kazi. Gari linapoanza kushuka ukuta wa bonde unavua sweta, ukifika chini unatamani kuvua na ngozi. Wanavuna mpunga huko sasa. Tulimkuta Bibi Apolonia kwa binti wa kaka yake, amekaa kwenye kivuli cha nyumba anapepeta. Kila mtoto aliyepita pale alimwamkia, naye akamjibu kila mmoja.

Veronika alipiga magoti, akasema mwenyewe. Nilikuwa nimemwambia nitamsaidia, hakunihitaji. Akasema yeye ndiye aliyeandika, akasema na maana ya alichoandika. Bibi hakusimamisha ungo. Alipepeta mpaka pumba zikaisha, akamwaga mchele kwenye beseni, akaweka ungo chini.

"Nilijua ukutani hawakuandika mgonjwa," akasema. "Mgonjwa watu humjia." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe ulikuwa unajua kusoma."

Nikasema ndiyo. Nikamwomba radhi. Alipokea kwa namna wazee wanavyopokea, kwa kuomba maji yaletwe kwa wageni.

Aliuliza habari za mama Veronika. Tulipomwambia kidole kimekatwa alifumba macho. Tukamwomba arudi, tukamwambia mgonjwa anamwulizia. Akasema harudi. Huku anaamkiwa. Lakini akasema jioni za yule mama zisipite hivihivi, na kwamba Veronika ana mikono, atamwonyesha. Akaagiza maji ya moto na mafuta. Akaniambia nivue kiatu.

Alichukua mguu wangu wa kushoto akauweka mapajani mwake. Vidole vyake ni vidogo, vina nguvu ambayo hukuitegemea. Alianza kisiginoni, akawa anapanda taratibu, anamwambia Veronika wapi abonyeze na wapi apite juujuu, wapi asiguse kabisa kama pana kidonda. Niliona aibu, mtu wa umri wa bibi yangu kunishika mguu. Halafu aibu ikaisha, nikawa nasikia tu joto.

Katikati ya kufundisha akasimama. Kidole gumba chake kilikuwa katikati ya unyayo wangu. Akauliza, bila kuinua uso, kwenye ukoo wetu ni nani aliyeumwa miguu.

Sikuwa nimemwambia habari za baba. Veronika hazijui.

Nikasema ni baba. Akaitika kwa kichwa, akaufuta mguu kwa kanga, akanirudishia kama kitu alichokuwa ameazima.

Tuliporudi, juu ya ukuta wa bonde tulikuta ukungu, dereva akawasha taa mchana. Veronika alikuwa amelala begani kwangu.

Sasa niandike kilichonifanya nifungue ukurasa huu.

Leo asubuhi nilipovaa soksi, mguu wa kushoto ulikuwa umeanza. Si maumivu hasa. Ni vichomo vidogovidogo, vinaanzia kisiginoni, vinapita katikati ya unyayo, vinapanda kuelekea vidole, kwa njia ileile vidole vyake vilivyopita jana. Nilidhani ni baridi. Nimekaa nao karibu na jiko la mkaa saa nzima. Mguu wa kulia uko sawa. Wa kushoto bado kuna vitu vinatembea ndani yake, huku nikiandika.

Najua hii inaweza kuwa nini. Mimi ni mtoto wa mtu aliyekatwa mguu. Nimeona kidole cha mama Veronika, nimeona kile kimashine. Jambo la kwanza kunijia kichwani lilipaswa kuwa sukari.

Halikuwa sukari.

Jambo la kwanza, nikiwa na soksi mkononi, kabla sijajizuia, lilikuwa ile mikono. Nilimwona ameinamia mguu wangu, nikasikia kidole gumba kikisimama. Nikafikiri: alijuaje? Na nikafikiri jambo jingine ambalo sitaliandika hapa, maana nimekwisha kujifunza kinachotokea nikiandika. Mwalimu wa miaka kumi na moja. Mwenye kamusi. Niliyekuwa nagombana na watu chuoni.

Kumbe mimi na baba Veronika tumekaa benchi moja muda wote.

Sijamwambia mtu. Dada akipiga simu nitamwambia niko salama. Kesho nitapita hospitali kabla ya kipindi cha kwanza, nitoe kidole, nitoboliwe, nisubiri kimashine kiseme. Nikiwa na kisukari nitajua la kufanya, dawa zipo, na baba hakuzipata mapema kama ambavyo mimi nitazipata. Nimekaa hapa tangu saa tatu nikiomba kitu ambacho sikuwahi kudhani mtu mwenye akili anaweza kukiomba. Naomba sukari iwe juu.

Kwa sababu isipokuwa juu, muuguzi akiniambia mwalimu uko sawa kabisa, nenda kazini, na mguu ukaendelea hivi hivi jioni, nitamfikiria nani?